Kitambaa cha Mbegu

Serafina alipoingia kijijini kwetu alikuwa na sanduku la bati kichwani na fuko la vitambaa begani, na fuko ndilo lililonitia wasiwasi. Sanduku kila mtu analo. Lakini fuko zima la vipande vya nguo, vya rangi mia, vya miili ya watu asiowajua, mwanamke anavibeba vya nini?

Ulikuwa mwaka 1975, mwaka mmoja baada ya sisi wenyewe kuhamishiwa pale. Nyumba zilikuwa zimepangwa mistari kama mahindi, na kutoka kwetu hadi Kabuku, barabarani kwenye mabasi, ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Zamani kila ukoo ulikaa kwake, na mtu ukimwogopa ulijua sababu. Sasa ulilala ukuta kwa ukuta na mtu ambaye hukumjua hata babu yake.

Serafina alikuwa mjane wa Laurenti, kijana wa kwetu aliyekwenda kukata mkonge upande wa Mazinde akakaa huko miaka kumi na miwili. Kilichorudi ni habari ya kifo tu. Walisema ni kifua. Mjane wake alikuwa Mshambaa wa Vugiri, mrefu, mwembamba, Mkristo, hana mtoto hata mmoja, na kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto hakikuwa na ncha. Mwenyewe alisema kilichukuliwa na mashine ya mkonge. Nilikiangalia kidole kile nikasema moyoni, labda.

Ndugu za Laurenti walimpa chumba, balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mdoe, akamwandika daftarini, na sisi wanawake wa mstari ule tukampelekea mbegu. Hiyo ndiyo desturi yetu. Kila nyumba inamfungia mgeni mbegu kwenye kitambaa kilichochanwa kutoka nguo ya mama mwenye nyumba. Akivuna, anakirudisha kitambaa kile kile na mbegu ndani yake. Anasema, "Kitambaa kimerudi," nawe unajibu, "Kimerudi na wenzake." Kikirudi, hakuna maneno. Kisiporudi, maneno yapo, kwa sababu nguo iliyokaa mwilini mwako ina jasho lako, na mwenye jasho lako amekushika pabaya. Hata kwa fundi cherehani, sisi tulidai vipande vyetu mpaka utepe wa mwisho, tukavichoma wenyewe.

Mwaka ule mbegu zilikuwa adimu. Njaa ilikuwa imetupitia, tulikula unga wa njano wa serikali, na wengine walikula hata mbegu. Mimi nilikuwa nimeficha mbaazi za marehemu mama yangu, nyeupe zenye doa la kahawia, ambazo kijijini pale nilikuwa nazo mimi tu. Nilimpa kiganja kimoja. Nilizifunga kwenye kipande cha kitenge changu cha bluu chenye manyoya ya tausi, kile nilichombebea Zuena mgongoni. Sijui kwa nini nilichana hicho. Kilikuwa karibu na mkono.

Zuena ndiye mtoto aliyenibakia. Wawili waliomtangulia walikufa kwa homa, na baada yake sikupata tena. Kwa hiyo mtu akisema mimi Amne ni mwoga, simbishii.

Mavuno ya kwanza yakafika. Mama Mhina, jirani yangu wa kulia, alirudishiwa kitambaa chake na kunde. Wa nyumba ya tatu alirudishiwa chake na mahindi. Changu hakikurudi. Nilingoja mpaka mbaazi za wenzangu zikaanikwa na kupigwa, nikangoja tena. Serafina alinisalimia kila asubuhi, "Habari za kuamka, Mama Zuena," akipita na jembe, na kuhusu kitambaa hakusema neno.

"Muulize," Mama Mhina aliniambia.

"Anayedaiwa ndiye husema."

"Au hana haja ya kusema," alijibu Mama Mhina, akaondoka na ndoo yake akiniachia neno hilo nilitafune.

Wakati huo kazi ya Serafina ilishajulikana. Asubuhi kipande cha chuma kikigongwa kuita watu alikwenda shamba la kijiji kama sisi wote, lakini alasiri alikaa barazani na mkasi. Bangili alizifanya hivi: aliisokota kamba ya mkonge mviringo wa mkono, akaipaka uji mzito wa muhogo, ikikauka inakuwa ngumu kama mfupa, kisha akaizungushia utepe wa kitenge. Utepe hakuukata kwa kufuata uzi wa kitambaa. Aliukata mshazari, ili uvutike usifanye makunyanzi. Kwa hereni alikata maboksi ya sabuni ya duka la kijiji vipande vya mviringo, akavivika kitambaa pande zote mbili. Na mikufu, alishona mrija mrefu wa kitenge mwembamba kama kidole, akatia kitu ndani, akafunga fundo, akatia kingine, fundo tena, mpaka ukatosha shingo.

Kitu gani alitia, sikuona. Ukiwa mbali unaona mkono tu, unaingia kwenye kopo lililokuwa kando yake na kutoka. Na mimi nilikuwa mbali kila mara, kwa kuwa sikutaka kukaa barazani kwake. Kitu kigumu kilichoshonewa ndani ya kitambaa, kikavaliwa shingoni, mimi nilifundishwa tangu utoto kwamba ni hirizi. Sikufundishwa jina lingine.

Kila mwezi alikwenda Korogwe kwa fundi mmoja aitwaye Muhidini. Fuko lilikwenda jepesi na kurudi limejaa. Nilimuuliza siku moja kisimani.

"Hivyo vitambaa ni vya nani?"

"Ni vile fundi anavyofagia chini ya cherehani, Mama Zuena."

"Kabla hajafagia vilikuwa vya nani?"

"Vya watu wa Korogwe. Wale hawadai vipande vyao." Akacheka.

Mimi sikucheka. Watu wasiodai vipande vyao ni watu gani?

Alipokuwa na bangili za kutosha alizitunga kwenye fimbo akaenda nazo Kabuku, akazipitisha kwenye madirisha ya mabasi. Zilinunuliwa. Hata Naisimoi, mama wa wafugaji aliyetuletea maziwa kutoka maboma ya nyikani, alinunua mkufu mmoja, ingawa shingo yake mwenyewe ilikuwa imejaa shanga za kioo mpaka kidevuni.

"Huu nitavaa kiangazi," alisema. "Mvua ikinyesha utalowa kama mbwa. Shanga zetu hazilowi."

"Hujiulizi kuna nini ndani?" nilimwambia.

"Ndani ya nini? Ndani yako wewe najua kuna nini? Nakuuzia maziwa tu."

Ikafika siku Zuena akaanza kwenda pale barazani. Alikuwa ametimiza miaka kumi na saba, mikono yake haitulii. Akarudi na vidole vyenye uji wa muhogo, ananieleza mshazari ni nini kama vile mimi sijawahi kushika kitambaa. Na alianza kumwita Serafina shangazi.

"Shangazi wa upande gani?" nilimuuliza. "Marehemu baba yako hakuwa na dada Vugiri."

"Mama, nimwiteje? Wewe mwenyewe unamwita yule."

"Yule anatosha."

"Anafundisha vizuri, na wala hachoki kuulizwa. Kuna watu wakiulizwa mara mbili wanashika mwiko."

Nilimkataza. Alikubali kwa mdomo. Miguu yake iliendelea kwenda.

Mavuno ya pili yakapita, mwaka 1976, na kitambaa changu bado. Sikulala vizuri miezi ile. Nilihesabu kila kikohozi cha Zuena.

Siku moja alasiri nikitoka shambani nilimkuta amelala mkekani, mwili unawaka. Nilimfungua vifungo vya gauni ili nimkande kwa maji. Chini ya gauni, shingoni, kulikuwa na mkufu. Bluu, manyoya ya tausi. Ulikuwa umelowa jasho, na rangi ilikuwa imemchafua kifuani kama jeraha. Kwanza sikuelewa ninaona nini. Halafu nikaelewa. Kitambaa changu, kile kilichombeba mwanangu mgongoni, kilikaa miaka miwili mikononi mwa yule mwanamke, na sasa kimerudi kimeshonwa, kina kitu ndani, kimefungwa shingoni mwa mtoto wangu wa mwisho.

Nilichukua mkasi.

"Mama, usikate," alisema Zuena kwa sauti ndogo. "Ngoja nikuambie."

"Utaniambia ukipona."

Nilikata mafundo yote, moja moja. Vikadondoka vitu vigumu, vya bluu nzito, vidogo, ishirini hivi. Vingine viliviringika mpaka mlangoni, kuku akadonoa vitatu kabla sijamfukuza. Vilivyobaki nilivikusanya kwa jani, sikuvigusa kwa mkono, nikavitia kwenye kifuu. Kuku yule nilimwangalia mpaka jua linazama. Hakufa. Nikafikiri, labda dawa ya watu haimwui kuku.

Kesho yake mapema nilimpeleka Zuena zahanati kwa baiskeli ya jirani, akapewa vidonge vichungu, nikamrudisha. Kisha nikaenda na kifuu changu kwa Mzee Mdoe.

Mzee Mdoe hakupenda habari ile. Alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi na taarifa ya kupeleka kwenye tawi la chama kila mwezi. "Mama Zuena, taarifa yangu ina mahali pa kuandika mahindi, pamba, vyoo na wagonjwa," alisema. "Wachawi nitawaandika wapi?"

"Andika kwenye wagonjwa. Mwanangu ni mgonjwa."

"Unataka nini hasa?"

"Arudi Vugiri. Kabla ya mwisho wa wiki."

Wakati huo nilikuwa na watu nyuma yangu. Mama Mhina alikuwa amesimama hapo, na ndugu mmoja wa Laurenti ambaye aliona chumba kile kingemfaa mwanawe. Mzee Mdoe aliona itamlazimu kuita kikao. Aliita siku iliyofuata, kwenye banda la darasa la watu wazima, chini ya ubao ambao bado ulikuwa na silabi za juzi.

Serafina alikuja peke yake, akakaa kwenye benchi la mbele kama mwanafunzi. Niliweka kifuu katikati. Nikasema yote: kitambaa, miaka miwili, homa. Watu walikiinamia kifuu kutazama. Nilijua wananisadiki, na nikaona Serafina naye anajua, kwa sababu alifunga mikono yake ndani ya khanga kuficha kile kidole.

"Kitambaa ni chako," alisema. "Nilimpa Zuena akuletee. Nilimwambia aseme kimerudi."

"Kitambaa cha mbegu hurudi na mbegu."

"Kilikuwa na mbegu."

"Hizi?"

Aliinuka, akachukua moja kifuuni. Akailowesha kwa ulimi, akaisugua kwa pindo la khanga yake, akasugua tena. Bluu ikatoka kidogo kidogo. Akanipa mkononi. Ilikuwa mbaazi, nyeupe iliyochafuka, na doa la kahawia. Mbaazi ya mama yangu. Niliijua kama ninavyojua kucha zangu, na bado sikutaka kuijua.

"Kwa nini miaka miwili?" niliuliza.

"Mwaka wa kwanza zililiwa zikiwa changa."

"Na nani?"

Alitazama mlangoni. Nikasema, mnaona, hana jibu. Ndipo Naisimoi, aliyekuwa amesimama mlangoni na vibuyu vyake, akasema, "Na ndama wangu. Walivunja ua. Nilimwambia nitalipa maziwa, akasema nisiliseme, watu wa hapa wakisikia ng'ombe amekula shamba wanashika mapanga."

"Kumbe hukusema," Mzee Mdoe alimwambia.

"Nasema sasa. Na nimesikia habari ya homa. Ndama wawili wana homa pia nyumbani kwangu, nao sikumbuki kama Serafina aliwavisha mkufu."

Baadhi ya watu walicheka. Mimi nilimtazama Serafina tu.

"Mwaka wa pili," alisema, "ulibaki mti mmoja. Nilipata ishirini na mbili. Uliniletea kiganja kimejaa, Mama Zuena, mwaka ambao watu walikula mbegu. Nikuletee ishirini na mbili kwenye kitambaa? Kingenyauka kama titi la bibi. Nikaona nizishone mkufu, moja moja, zionekane nyingi. Kwetu Vugiri kitu cha mtu ukikirudisha kikiwa kizuri zaidi, anafurahi." Akaongeza, "Nilidhani na hapa ni hivyo."

Zuena aliletwa, amejifunga shuka, homa imepungua. Mzee Mdoe alimuuliza nani alimvisha. Aliangalia sakafu.

"Nilijivika mwenyewe. Nilitaka niuvae siku moja kwanza, halafu nimpe mama. Ulikuwa mzuri. Siku moja zikawa nne. Nikajua nikiutoa atauliza nilikuwa wapi."

Ningeweza kuishia hapo. Mwanamke mwingine angeishia hapo. Lakini nilikuwa nimezika watoto wawili, na mtu aliyeshika jasho langu miaka miwili anaweza pia kutunga maneno mazuri. Nikasema, "Mbaazi inaweza kuchemshwa kwenye dawa, ikakaushwa, ikabaki mbaazi kwa macho."

"Basi zipande," alisema Serafina.

Mzee Mdoe alivua miwani yake.

"Zilizochemshwa hazioti," aliendelea. "Sizitoboi kwa sindano, ndiyo maana nafunga mafundo, ili zibaki hai. Zipande mbele ya watu wote. Zisipoota, nachukua sanduku langu." Kisha kwa sauti ya chini zaidi, kama anasema peke yake, "Ila zimelowa rangi na jasho. Sijui."

Hiyo "sijui" ndiyo iliyonikaa. Mwenye kujiamini kwa hila hasemi sijui. Au ndiyo hila yenyewe.

Zilikuwa zimebaki kumi na tisa. Mzee Mdoe alizipanda mwenyewe kwenye chungu kilichopasuka mdomo, akakiweka nyuma ya nyumba yake, akaweka muda wa wiki moja. Akaonya mtu yeyote asikiguse.

Nilikiangalia chungu kile kila asubuhi nikienda kisimani, ingawa njia ya kisima haipiti nyuma ya nyumba ya Mzee Mdoe. Niliangalia kama udongo umechokorwa, kama kuna mtu amebadilisha mbegu. Siku ya pili, ya tatu, udongo mtupu. Zuena alikuwa ameanza kula. Sikujua nishukuru vidonge au mkasi. Serafina alikuja shamba la kijiji akalima mstari wake bila kumwangalia mtu. Barazani kwake sanduku lilikuwa limetolewa nje, limefutwa vumbi, na lile fuko la vitambaa limekunjwa juu yake. Mama Mhina aliniambia, "Anafungasha." Alisema kama mtu anayeleta habari njema. Mimi sikuisikia kama habari njema, na hilo lilinishangaza.

Siku ya tano hakukuwa na mtu uani. Niliingiza kidole udongoni. Niligusa moja, nikaifukua. Ilikuwa imepasuka, na mzizi mweupe umetoka, umepinda kama ndoana. Bluu ilikuwa bado imebaki kwenye ganda.

Nilisimama pale na mzizi ule kiganjani. Hakuna aliyeniona. Ningeminya udongo kwa ngumi, ningezimwagia maji ya moto, na Serafina angeondoka, na Zuena angekuwa nyumbani, na nisingeogopa tena mkono unaoingia koponi. Nasema ukweli, niliwaza hivyo. Halafu niliona kwamba mbegu niliyoifukua nimeshaivunja mzizi kwa kidole changu, na ni mbegu ya mama yangu, na hakuna mtu aliyeiharibu ila mimi.

Niliirudisha, nikafukia, nikaenda moja kwa moja kwa Serafina. Alikuwa barazani, hana kazi mikononi.

"Zimeota," nilimwambia.

"Zote?"

"Moja nimeiona. Nyingine zitatoka."

Alikitazama kidole changu chenye udongo. "Ulifukua."

"Nilifukua."

"Nilijua utafukua," alisema, akasogea kunipa nafasi ya kukaa. Mara ya kwanza nilikaa barazani kwake. Nilichungulia koponi. Kulikuwa na mbegu za porini, ngumu, nyeusi, zile zinazochezewa na watoto. Nilizimimina zote, nikazihesabu, nikazirudisha. 

Siku ya saba zilitoka kumi na tano. Mzee Mdoe aliwaonyesha watu, akasema hataandika popote, na ndugu ya Laurenti akamtafutia mwanawe chumba kwingine. Miche niligawana na Serafina, nane kwangu, saba kwake, akaijengea ua wa miba mara mbili, na Naisimoi akasimama pembeni akimwambia miba hiyo ni midogo.

Mwaka uliofuata wanawake wa mstari wetu walianza kukaa pale barazani alasiri. Kumpa vipande vyetu wenyewe hakuna aliyethubutu, mpaka tuliponunua kitenge kimoja cha sare kwa sherehe za Saba Saba, sote rangi moja, na mabaki yake hayakujulikana tena yapi ni ya nani. Hayo tulimpa Serafina, gunia zima, na tukavaa bangili zilizofanana kuanzia Mzee Mdoe alipotupanga mpaka mwisho wa gwaride. Zuena alitengeneza thelathini. Sasa ameolewa Kabuku na anazipitisha yeye madirishani.

Ile siku niliyokaa barazani, kabla sijaondoka, nilichana pindo la kitenge nilichokuwa nimevaa, nikafunga kunde ndani, mafundo mawili, nikampa Serafina. Nilifanya hivyo kwa sababu ilinibidi, na kwa sababu nilitaka kuona kama kitarudi.

Mavuno mawili yamepita na hakijarudi. Sijamuuliza. Zuena akija kunitembelea, namfungua kifungo cha juu cha gauni kabla sijamkaribisha, na yeye anasimama wima, anacheka, ananiacha nitazame shingoni.